Kuchagua Tabaka la Chini la Sakafu kwa Chumba Chenye Unyevu: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Lamu

Kila masika yakiisha, malalamiko huwa yaleyale kutoka Mkomani na Langoni hadi Shela: chumba cha chini kilichowekwa vigae vipya kinanuka kuvu, mbao za kuunganisha zimevimba kwenye maungio, mkeka wa plastiki umefanya malengelenge, na mwenye nyumba anauliza apake rangi gani ya kuzuia maji. Rangi haitamsaidia. Kilichoharibika ni tabaka lililo chini ya vigae au mbao hizo, na liliharibika kwa sababu lilichaguliwa dukani kabla ya mtu yeyote kujua maji yanatoka wapi.

Miongozo mingi kuhusu tabaka hili imeandikwa kwa vyumba vya chini ya ardhi katika nchi za baridi, kama Kanada na kaskazini ya Marekani. Huko zege hukaa baridi mwaka mzima, na hewa ya joto ikiligusa hutoa maji. Ndiyo maana kinga ya joto, yaani tabaka linalozuia joto na baridi kupita, hutangulia. Hapa kwetu ardhi ina joto linalokaribia la hewa yenyewe, na adui mkubwa ni maji yanayopanda pamoja na chumvi. Kinga ya joto inahitajika katika hali moja tu, ambayo nitaieleza katika hatua ya 5.

## Vifaa vinavyohitajika

Vya kupimia (vipate sasa):

- vipande vinne vya nailoni safi, kila kimoja sm 50 kwa sm 50, na utepe mpana wa gundi
- kipimo cha unyevu wa hewa, hata kile kidogo cha kuweka mezani
- pimamaji ndefu, futi, na uzi wenye jiwe la kupimia kina cha kisima
- daftari, na kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo
- gilasi ya kioo na sahani nyeusi kwa ajili ya kupima mchanga

Vya kujengea (usinunue hata kimoja kabla ya kumaliza hatua ya 5):

- kokoto safi za mm 20, zilizochekechwa na kuoshwa kwa maji matamu
- chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji hadi ikaacha kuchemka), au saruji, na mchanga usio na chumvi
- karatasi ya nailoni ya geji 1000, yaani unene wa mm 0.25
- bodi ngumu za polistirini (povu gumu la plastiki) za mm 25, na plaiwudi ya marini ya mm 12
- parafujo za chuma kisichoshika kutu, na dawa ya mchwa
- glavu na miwani ya kukinga macho

Nakuomba uzingatie onyo lililo ndani ya mabano hapo juu. Kila kitu kinachofika kisiwani kimevuka maji kutoka Mokowe au kimekuja na jahazi, kisha kimebebwa na punda kwenye vichochoro, na duka halitakurudishia gharama ya safari hiyo ukigundua kwamba ulikosea. Plaiwudi nzima ya meta 2.44 kwa 1.22 hushindwa kukata kona katika njia nyingi za mji wa kale, kwa hiyo iagize ikiwa imeshakatwa vipande viwili.

## Hatua ya 1: Ziba maji yanayotoka juu

Kagua mabomba, choo, birika (tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba), na mahali maji ya mvua yanapomwagika kutoka darini. Funga mifereji (koki) yote usiku, soma mita ya maji, na uisome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja. Birika la zamani lijaze, weka alama kwa chaki, na uangalie baada ya siku mbili kama maji yameshuka kupita kiasi cha kawaida.

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke, kwa sababu sakafu nzuri kupita zote haiwezi kushindana na bomba lililopasuka chini yake.

## Hatua ya 2: Fanya jaribio la nailoni

Fagia sakafu ya sasa hadi isiwe na vumbi. Bandika vipande vinne vya nailoni: kimoja katikati ya chumba, kimoja karibu na ukuta wa nje, kimoja karibu na choo au birika, na cha mwisho karibu na mlango. Ziba kingo zote nne za kila kipande kwa utepe, bila kuacha hata upenyo mdogo, kisha viache kwa muda wa siku tatu. Andika kipimo cha unyevu wa hewa asubuhi na jioni.

Siku ya tatu, kabla ya kubandua, tazama upande wa juu wa nailoni. Kisha bandua na utazame upande wa chini pamoja na sakafu yenyewe.

Matone yakiwa upande wa chini, au sakafu ikiwa imegeuka rangi ya giza chini ya nailoni, maji yanapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa upande wa juu, hewa ya chumba ndiyo inayotoa maji juu ya sakafu baridi, jambo ambalo hapa hutokea hasa katika vyumba vyenye mashine ya kupoza hewa. Ikiwa chini ya nailoni ni kukavu, lakini sakafu iliyo wazi pembeni yake inalowa na kukauka kila siku na kuacha unga mweupe, basi sakafu imejaa chumvi.

Hali hii ya tatu ndiyo inayowapoteza mafundi wengi, na inastahili maelezo. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Katika mji wa pwani kama wetu kiwango hicho hufikiwa mara nyingi, hasa usiku na wakati wa mvua. Kwa hiyo sakafu iliyojengwa kwa mchanga wa ufuoni italowa hata kama ardhi iliyo chini yake ni kavu kabisa, na kuifunika kwa nailoni na kumwaga saruji juu yake hakuondoi chumvi iliyomo. Dawa yake ni kuitoa sakafu hiyo yote na kuipeleka nje.

Utajua jaribio limefanikiwa ikiwa vipande vyote vinne vimebaki vimebana hadi mwisho na umeweza kuandika jibu moja kwa kila sehemu. Majibu yanaweza kutofautiana ndani ya chumba kimoja, na hilo lenyewe ni habari muhimu.

## Hatua ya 3: Linganisha unyevu na bamvua

Ikiwa jaribio limeonyesha maji ya ardhini, swali linalofuata ni kama maji hayo yanafuata bahari. Bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu, ambapo hujaa na kukupwa kidogo, huja kati ya nyakati hizo. Rudia jaribio la nailoni mara mbili, moja katika siku za bamvua na nyingine katika siku za maji mafu, kisha linganisha.

Ikiwa kuna kisima ndani ya nyumba au kwa jirani, kazi huwa rahisi zaidi. Teremsha uzi wenye jiwe hadi uso wa maji wakati bahari imejaa, funga fundo, kisha pima tena bahari ikiwa imekupwa. Fanya hivyo siku mbili mfululizo za bamvua. Ukiona fundo linapanda na kushuka pamoja na bahari, maji ya chini ya nyumba yako yanasukumwa na bahari.

Sababu ya kulipa jambo hili uzito ni kwamba tabaka la sakafu huzuia unyevu unaopanda polepole, lakini haliwezi kuzuia maji yanayosukuma kwa nguvu kutoka chini. Maji ya kisima yakifika karibu kuliko dhiraa moja chini ya sakafu, mimi hukataa kuchimba hata kidogo. Hapo ushauri wangu ni kuinua sakafu yote kwa kokoto, au kukiacha chumba hicho kiwe ghala la vitu visivyoharibika kwa maji. Najua ni ushauri unaouma kwa mtu aliyekwisha kupanga chumba cha wageni, lakini nimeona vyumba vilivyochimbwa kwa ukaidi vikigeuka madimbwi katika bamvua ya masika.

## Hatua ya 4: Pima kimo ulicho nacho

Kila chaguo litainua sakafu isipokuwa ukichimba. Pima kutoka sakafu ya sasa hadi kizingiti cha mlango, kisha hadi chini ya boriti. Mara nyingi boriti hazina tatizo, ila mlango ndio wenye tatizo. Mlango wa kuchongwa usikatwe chini kwa sababu ya sakafu, kwa namna yoyote ile. Bora kupunguza unene wa tabaka au kuteremka ndani kwa daraja moja.

Ikiwa nyumba iko ndani ya mji wa kale, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, zungumza na ofisi ya Makumbusho kabla ya kuchimba au kubadilisha chochote katika jengo. Peleka vipimo vyako vya hatua ya 2 na ya 3.

## Hatua ya 5: Chagua

Sasa una majibu matatu mkononi: maji yanatoka wapi, yanafuata bahari au hayafuati, na una kimo kiasi gani. Ongeza swali la nne, ambalo jibu lake unalo tayari: kuta zako ni za mawe na chokaa, au ni za matofali ya saruji?

Nyumba ya kale ya mawe na chokaa: kokoto na chokaa. Unyevu hupanda katika vinyweleo vyembamba vya udongo na saruji kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kokoto kubwa na safi huukata utambi huo, kwa sababu nafasi zilizo kati yake ni pana mno kwa maji kupanda. Juu yake huja zege la chokaa, ambalo huruhusu mvuke kidogo unaobaki kutoka taratibu kupitia sakafu nzima.

Usiweke nailoni na saruji katika nyumba ya aina hii. Hili nimelifanya kwa mikono yangu katika chumba cha familia yetu, nikiamini kwamba nailoni ni nailoni popote. Sakafu ilikuwa kavu na ya kupendeza. Mwaka uliofuata plasta ya kuta zote nne ilianza kupasuka na kumwaga unga mweupe hadi usawa wa kiuno, kwa maana unyevu uliokuwa ukipumua kupitia sakafu ulikosa njia na kuhamia ukutani. Kutengeneza kuta hizo kulitugharimu kuliko sakafu yenyewe, na hadi leo hazijarudi zilivyokuwa.

Nyumba mpya ya matofali yenye tabaka la kuzuia unyevu ndani ya kuta: kokoto, nailoni na zege. Hapa nailoni ya geji 1000 ndiyo sahihi, kwa kuwa ukuta una kinga yake mwenyewe. Sharti ni kwamba nailoni ya sakafu iunganishwe na kinga ya ukuta pande zote nne. Pakiachwa pengo la upana wa kidole, unyevu utalipata.

Chumba chenye mashine ya kupoza hewa: ongeza kinga ya joto. Hii ndiyo hali niliyoitaja mwanzo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji juu ya kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 25 hivi. Chumba kikipozwa hadi nyuzi 22, sakafu yake hupoa nayo, na mlango ukifunguliwa hewa ya nje huilowesha. Bodi za polistirini ngumu, zikifunikwa kwa plaiwudi, hupunguza ubaridi unaoingia kwenye zege na gharama ya umeme kwa pamoja. Nailoni ikae chini ya bodi, upande wa ardhi, kwa sababu katika chumba kilichopozwa mvuke husafiri kutoka upande wenye joto kwenda upande wenye ubaridi. Miongozo ya nchi za baridi ikikuelekeza vingine, kumbuka imeandikwa kwa hali iliyo kinyume cha hii. Jihadhari pia kwamba polistirini hushika moto na kutoa moshi mbaya. Isiachwe wazi, wala nyaya za umeme zisipitishwe ndani yake. Katika nyumba ya kale ya chokaa sipendekezi chaguo hili kwa chumba cha chini. Hamishia mashine ghorofa ya juu.

Fremu ya mbao juu ya zege: sikushauri. Mchwa na unyevu hukutana chini yake mahali usipopaona.

## Hatua ya 6: Ondoa sakafu ya zamani na chumvi yake

Vunja sakafu kipande kwa kipande na utoe kifusi chote nje ya nyumba. Usikitumie tena kujazia, hata kama kinaonekana kizuri, maana kina chumvi uliyokuwa ukiikimbia.

Chimba kina kinachohitajika tu: sm 15 za kokoto na sm 10 za zege, jumla sm 25 kutoka usawa wa sakafu mpya (katika nyumba mpya ongeza sm 3 za mchanga wa hatua ya 7). Karibu na kuta acha ukanda wa sm 30 bila kuchimbwa hadi uone msingi ulivyo. Kuta nyingi za kale zina msingi mfupi, na kuchimba chini yake kunaweza kuangusha nyumba. Ukiona udongo unamomonyoka kutoka chini ya ukuta, simamisha kazi, rudisha udongo na uushindilie, kisha mwite fundi mwashi aliyezoea nyumba za mawe.

## Hatua ya 7: Pima mchanga, kisha tandika

Weka konzi ya mchanga ndani ya gilasi ya maji matamu, koroga, acha utue, kisha mimina maji hayo kidogo juu ya sahani nyeusi na uyaache juani. Yakikauka na kuacha chembe nyeupe zinazometa, mchanga una chumvi. Maji ya kuchanganyia yapimwe vivyo hivyo. Maji ya kisima cha chumvi hulisha kutu kwenye wavu wa chuma ndani ya zege.

Kwa chumba cha meta 2.5 kwa 6, kokoto za kina cha sm 15 ni meta za ujazo 2.25, yaani takriban tani tatu na nusu, au magunia 70 hivi ya kilo 50. Panga safari za punda mapema, na utafute mahali pa kuziweka pasipoziba njia ya majirani.

Mwaga kokoto kwa awamu mbili, ukishindilia kila awamu. Zisiwe na vumbi wala mchanga, kwa sababu vumbi hurudisha ule utambi uliotaka kuukata. Katika nyumba mpya, nyunyiza dawa ya mchwa, tandaza mchanga mwembamba wa sm 3 juu ya kokoto ili nailoni isitobolewe, kisha laza nailoni ikipandana kwa sm 30 kwenye maungio na kupanda ukutani.

Zege la chokaa huchanganywa kwa fungu moja la chokaa iliyozimwa na mafungu matatu ya mchanga wenye kokoto ndogo. Limwage kwa matabaka mawili na ulipigilie hadi lisitoe alama ya kisigino, kisha ulifunike kwa magunia yaliyoloweshwa kwa muda wa wiki nzima. Vaa glavu na miwani, kwa sababu chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Chokaa isiyozimwa usiiletee maji chumbani kamwe. Huchemka na kurusha.

Zege la saruji nalo limwagiliwe maji kwa siku 7 bila kukosa.

## Hatua ya 8: Subiri

Wengi hufaulu hadi hapa kisha huharibu kwa haraka. Zege la saruji hupata nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku 28, lakini kukauka ni jambo jingine. Katika hewa kavu, kadirio la kawaida ni siku moja kwa kila milimita ya unene, na katika hewa yetu ni zaidi. Kwa hiyo zege la sm 10 halipo tayari kufunikwa kwa mbao au mkeka wa plastiki kabla ya miezi minne. Ukimaliza zege mwanzoni mwa kaskazi, upepo utakusaidia. Ukimaliza masika, hesabu itarefuka. Fungua madirisha mchana, na uyafunge usiku ambapo hewa ina unyevu mwingi.

Rudia jaribio la nailoni kila mwezi. Likitoka kavu mara mbili mfululizo, mojawapo ikiwa katika siku za bamvua, endelea.

## Hatua ya 9: Weka cha kukanyagwa

Juu ya chokaa weka vigae vya udongo visivyong'arishwa vilivyolazwa kwa chokaa, au acha sakafu yenyewe na utandike mkeka wa ukindu. Mkeka wa plastiki na zulia lenye mpira chini vitafuta kazi yote ya hatua ya 5.

Juu ya polistirini laza plaiwudi matabaka mawili, maungio ya tabaka la juu yasikutane na ya tabaka la chini. Ziunganishe kwa parafujo fupi zisizofika kwenye nailoni, na uache nafasi ya mm 10 kando ya kuta zote ili mbao zipate pa kutanukia. Kabla ya kuzilaza, mbao zikae ndani ya chumba hichohicho kwa wiki moja, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite kati yake.

Karibu na ukuta wa nje, kata kipande kimoja cha sakafu cha sm 40 kwa 40 kinachofunguka: kwenye plaiwudi kifungwe kwa parafujo zinazotolewa, na kwenye vigae kiwe kigae kimoja kisicholazwa kwa chokaa. Katika bamvua ya kwanza ya masika kifungue, ingiza mkono, na uguse pande zote. Mkono ukitoka mkavu, bila unga mweupe na bila harufu ya kuvu, andika tarehe katika daftari, rudisha kipande mahali pake, na usikifungue tena hadi masika ijayo.